Namna ya Kuchagua Fimbo za Gofu za Mitumba kwa Majina Yasiyopigiwa Debe

Mwalimu mmoja mstaafu alinijia karakanani Kisauni, Mombasa, na fimbo nane za chuma alizoachiwa na jirani yake aliyehama Nyali. Akaulaza mkoba mlangoni, akasema, "Fundi, nitazamie hizi zitanipa shilingi ngapi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nataka nichange nikanunue seti ya maana." Nikachomoa moja, nikaipangusa vumbi. Wilson Staff. Nikamwambia, "Mwalimu, seti ya maana ndiyo hii." Akaniangalia kwa shaka. "Wilson? Si ndio hawa wa mipira ya vikapu?"

Swali hilo nalisikia kila mwezi. Nilibeba mikoba ya wachezaji miaka kumi na moja kabla sijawa fundi wa fimbo, na tangu hapo nimefungua na kufunga vichwa vya kila aina. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye gofu nimeona fimbo inayotembezwa kwenye televisheni ndiyo inayouzwa ghali, na nyingine iliyo sawa nayo, pengine kuishinda, imelala chini ya gunia la mitumba kwa sababu jina lake halijulikani. Mchezaji wa mfuko wa kawaida atafute humo humo, mradi ajue kukisoma chuma chenyewe.

Ukienda kununua, chukua sumaku ndogo, tepu ya karatasi ya mafundi rangi, futi ya fundi cherehani na kitambaa. Mpe muuzaji salamu yake, kaa chini, usiharakishwe.

Anza na sumaku. Siku zangu za mwanzo niliuziwa draiva, ile fimbo ya kupigia mbali, na muuzaji mmoja, jina kubwa, rangi inang'aa, nikalipa fedha za miezi miwili. Wiki ya tatu kichwa kikapasuka kama kopo. Ningekuwa na sumaku ningejua palepale: draiva nzuri za miaka ishirini na kitu iliyopita ni za titani, na titani hainaswi na sumaku. Kichwa kilichoandikwa titani kikivuta sumaku usoni, rudisha. Kwa ayoni, yaani fimbo za kichwa chembamba cha chuma, jaribio hilo halifai, kwani chuma cha ayoni nyingi, halali na bandia, huvuta sumaku. Angalia basi jambo hili: watengenezaji wa bandia huiga majina yanayouzika haraka. Draiva bandia nilizoshika zote zilibeba majina makubwa. Ya Tour Edge, kampuni iliyoanzishwa na David Glod mwaka 1986 na yenye makao Batavia, Illinois, sijaiona ya bandia hata moja. Tena wanajua kutengeneza wudi, yaani fimbo za kichwa kinene, na haibridi, zilizo kati ya wudi na ayoni, vizuri sana. Mtu anayeanza, ukimpa haibridi ya Tour Edge badala ya ayoni 3 na 4, umemwondolea machozi.

Baada ya hapo angalia mpini, yaani ule mti mrefu unaobeba kichwa. Hapa pwani adui ni chumvi. Utaona mpini wa chuma unang'aa nje, ndani umeoza. Ishike fimbo gripu, yaani sehemu ya kushikia, ikielekea chini, igonge polepole kwenye kipande cha ubao. Mwisho wa gripu una tundu dogo. Unga wa rangi ya kahawia ukidondoka hapo, kutu imeshakula ndani. Kisha itikise karibu na sikio. Mlio wa punje huwa ni gundi iliyopasuka shingoni, na hiyo yatengenezeka. Shika kichwa kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, uzungushe: kikicheza hata kidogo, usipige mpira na fimbo hiyo mbele ya watu mpaka fundi aibandike upya. Mwisho itazame fimbo kwa urefu wake, jicho moja umelifumba, kama seremala anavyotazama ubao. Mpini wa chuma uliopinda haunyooshwi ukarudi kama ulivyokuwa.

Zipange zote sakafuni kwa namba. Katika ayoni, kila moja hupitana na jirani yake kwa karibu nusu inchi. Ukikuta ayoni 6 na 7 zimelingana urefu, mojawapo ilikatwa na mtu, au ilitoka seti nyingine. Hiyo si dhambi, ila bei ishuke.

Sasa Wilson, maana nina deni na mwalimu. Kampuni hii ilianza Chicago mwaka 1913 kama tawi la wachinjaji wa ng'ombe, waliotaka matumbo yasitupwe. Walitengeneza nyuzi za raketi za tenisi, nyuzi za fidla na za kushonea wagonjwa. Jina la Wilson lilikuja baada ya Thomas E. Wilson kuingia mwaka 1915. Mchezaji bingwa Gene Sarazen alikuwa mtu wao kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya gofu. Mpaka siku zake mpira ukizama mchangani ulikuwa balaa, kwa sababu makali ya fimbo yalijizika. Sarazen akajazia risasi chini ya fimbo, kwenye soli, ili sehemu ya nyuma iguse mchanga kwanza na kuteleza. Akaitumia kushinda Open ya Uingereza mwaka 1932, na Wilson wakaitengeneza kwa ajili ya watu wote. Kila weji ya mchanga, yaani fimbo fupi ya kutolea mpira mchangani, unayoiona leo ni mjukuu wa fimbo ile. Pádraig Harrington alishinda Open mwaka 2007 na 2008, na PGA mwaka huo wa 2008, akiwa na ayoni za Wilson. Gary Woodland naye alishinda US Open ya 2019 pale Pebble Beach na Wilson mkononi. Hakuna kampuni nyingine ambayo ayoni zake zimeshinda mataji makuu (Open, US Open, PGA na Masters) mengi kama hii. Lakini hapa mtu akiiona hukumbuka mpira wa vikapu.

Ukipata Wilson Staff za zamani, tofautisha mbili. Zile zenye mgongo mwembamba ulio bapa ni za kufua, yaani chuma kilichopigwa kwa moto, zimetengenezwa kwa mtu anayepiga katikati ya uso kila siku. Zenye mgongo uliochimbwa zina uzito pembeni, na ukikosa kidogo zinakusamehe. Za mwalimu zilikuwa za kuchimbwa. Nilifurahi kuliko yeye.

Tunafika mahali ambapo watu wengi hupotea: namba. Namba iliyoandikwa chini ya ayoni si kipimo. Kipimo ni mwinuko wa uso, na viwanda vimekuwa vikiupunguza mwaka hadi mwaka ili mpira uende mbali na mnunuzi aseme fimbo mpya ni kali. Pitchingi weji, yaani fimbo fupi inayofuata ayoni 9, ya miaka ya 1980 ilikuwa na nyuzi (digrii) 48 hadi 50; nyingi za leo zina 43 hadi 45. Kwa hiyo ukipiga ayoni 7 ya zamani ukaona mpira umepungukiwa na ya rafiki yako, usiilaumu. Ya rafiki yako ni ayoni 6 au 5 iliyobadilishwa namba. Faida ya seti ya zamani ni kwamba kutoka pitchingi weji yake hadi weji ya mchanga ya nyuzi 56 hakuna pengo kubwa. Mwenye seti mpya hulazimika kununua weji nyingine ya kuziba katikati, na sheria inamruhusu fimbo 14 tu.

Seti ya zamani ninayoipenda katika hesabu hiyo ni Tommy Armour 845s, ya mwishoni mwa miaka ya 1980. Armour mwenyewe alikuwa Mskoti wa Edinburgh aliyepoteza uwezo wa kuona wa jicho moja katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akahamia Marekani, akashinda US Open ya 1927, PGA ya 1930 na Open ya Carnoustie mwaka 1931. Ayoni za 845s zilibeba jina lake tu, alikuwa ameshafariki. Ni za kusubu, yaani chuma cha pua kilichomiminwa kwenye kalibu, zenye mgongo uliochimbwa na umbo safi lisilo na madoido. Kwa kuwa ni chuma cha pua, chumvi ya bahari haizisumbui sana vichwani. Mwaka juzi nilinunua nane soko la Kongowea kwa shilingi 7,000, nikatia gripu mpya, nikampa kijana mbeba mikoba alipie kidogo kidogo. Bado anazichezea.

Kwa wudi nina jina moja ambalo nataka ulikumbuke: Adams Tight Lies. Barney Adams wa Texas aliitoa katikati ya miaka ya 1990, na jina lenyewe linataja mpira uliolala juu ya ardhi tupu bila nyasi za kuuinua. Wudi za kawaida zilikuwa na uso mrefu, uzito juu. Yeye akaligeuza umbo, chini pana, juu pembamba, uso mfupi, uzito wote ukashuka chini ya mpira. Aliyecheza pwani mwezi wa Februari, feawei, yaani njia ya nyasi ya kuelekea shimo, imekauka na kupasuka, anajua maana ya jambo hilo. Ayoni ndefu hapo hugonga ardhi ikaruka, na wudi kubwa hupiga kichwa cha mpira. Tight Lies hupita chini na mpira ukapaa. TaylorMade waliinunua kampuni mwaka 2012 na jina likafifia, ndiyo maana inapatikana rahisi. Ukiiona yenye nyuzi 16, angalia tu kwamba soli haikubonyea na mpini wa kaboni hauna mikwaruzo ya kuzunguka karibu na shingo. Mkwaruzo wa kwenda urefu si kitu. Wa kuzunguka utavunjika.

Majapani sasa. Mizuno walianza Osaka mwaka 1906 na fimbo za gofu wakaanza kuzitengeneza mwaka 1933. Huku kwetu watu huwajua kwa viatu vya kukimbilia. Vichwa vya ayoni zao za kufua hupigwa Hiroshima, kutoka pande moja la chuma linalopigwa kwa moto hadi shingo na kichwa vikawa kitu kimoja. Nick Faldo alishinda nazo. Ukigonga katikati ya uso husikii kitu mkononi, ila mpira umekwenda. Chuma chake ni laini, na hilo lina pande mbili. Kwanza, kikibanduka kromu chumvi inaingia, kwa hiyo pitisha ukucha kwenye uso na soli: pakikwaruza na pana wekundu, punguza bei na uwe mtu wa kupaka mafuta mepesi kila baada ya mchezo. Pili, chuma laini kinakubali kupindwa shingoni nyuzi moja au mbili, jambo ambalo kwa chuma cha kusubu ni hatari ya kukatika.

Kwa nini upinde? Funga tepu ya karatasi kwenye soli, weka kipande cha ubao mgumu chini, piga mpira uliowekwa juu yake. Tepu ikichanika upande wa kisigino, yaani karibu na mpini, fimbo imesimama mno kwako, na mpira, kama unapiga kwa mkono wa kulia, utavutwa kushoto. Ikichanika upande wa ncha, imelala mno na mpira utakwenda kulia. Ikichanika katikati, usiguse kitu. Nimeona watu wakilipia masomo miezi sita kusahihisha swingi, yaani mtindo wao wa kupiga, kumbe kosa lilikuwa shingo ya fimbo.

Weji mimi sihangaiki. Natafuta Cleveland 588, aliyoitoa Roger Cleveland mwaka 1988. Umbo lake lilikuwa sahihi tangu mwanzo. Sasa Cleveland iko nyumba moja na Srixon wa Japani, ambao Shane Lowry alishinda nao Open ya 2019 na Hideki Matsuyama Masters ya 2021, lakini mwulize mchezaji wa Jumamosi akutajie ayoni tano, Srixon haitakuwamo. Kwenye weji ya mitumba angalia mifereji tu: pitisha ukucha, unase. Ukiteleza, mpira nao utateleza juu ya grini, pale penye shimo. Kwa mchanga wetu laini chagua soli pana yenye baunsi, yaani mwinamo wa soli, ya nyuzi 12 hadi 14.

Neno moja la usalama kwa mafundi wenzangu. Mkikuta ayoni za Ping Eye2 zenye rangi ya shaba, msizisage kwenye jiwe la umeme. Mchanganyiko ule una berili, na vumbi lake ni sumu ya mapafu.

Usifanye majaribio Nairobi ukaamulia Mombasa, wala kinyume chake. Kule juu hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali zaidi na fimbo ileile. Jaribu pale utakapochezea, piga mipira kumi na ayoni 7, hesabu ile iliyotua pamoja, usihesabu ule mmoja uliokwenda mbali.

Ukishanunua, osha vichwa kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na brashi ya mswaki, kausha, kisha badilisha gripu zote kwa mpigo. Kata ya zamani, toa tepu yake yote, funga mpya ya pande mbili, mimina petroli kidogo ndani ya gripu na juu ya tepu, ukiwa nje mbali na moto, isukume kwa mkupuo mmoja na uinyooshe kabla haijashika. Za mwalimu nilimaliza saa kumi jioni, akataka aende uwanjani palepale. Nikamzuia. Gripu ziache usiku mzima zikauke.