Würzburg hadi Füssen kwa gari: namna ya kupanga safari ya Romantische Straße

Romantische Straße ni njia ya kitalii ya takriban kilomita 460 iliyoanzishwa mwaka 1950, kutoka Würzburg kaskazini mwa Bavaria hadi Füssen, chini ya milima ya Alps. Kilomita hizo dereva anaweza kuzimaliza kwa siku mbili, na wengi hufanya hivyo, kisha wanarudi nyumbani na picha za umati. Safari hii hupangwa kwa saa za siku. Miji yake midogo hujaa mabasi ya watalii kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, halafu hutulia. Anayelala ndani ya ukuta wa kale unaozunguka mji ndiye anayeuona mji.

Kwa hiyo tenga usiku sita: mmoja Würzburg, miwili Rothenburg ob der Tauber, mmoja Nördlingen au Dinkelsbühl, mmoja Augsburg na mmoja Füssen au Schwangau. Siku zikipungua, ondoa mji mzima, lakini usiku wa Rothenburg usiuguse. Miezi mizuri ni Mei, Juni, Septemba na nusu ya kwanza ya Oktoba. Agosti ni likizo ya shule Bavaria na vyumba hupanda bei. Desemba kuna masoko ya Krismasi ya kupendeza, ila giza huingia kabla ya saa kumi na moja jioni, na barabara ikiwa na theluji au barafu sheria inadai matairi ya majira ya baridi. Hakikisha yameandikwa kwenye mkataba wa gari.

Karatasi na gari

Anayetoka Afrika Mashariki huomba viza ya Schengen kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 za matibabu. Beba leseni yako halisi pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva kilichotolewa nchini kwako. Kibali peke yake hakitoshi, na leseni peke yake huweza kukukwamisha kwenye kaunta ya kukodi gari.

Chukua gari uwanja wa ndege wa Frankfurt (Würzburg iko kama kilomita 120 kwa barabara ya A3) na ulirudishe Munich. Kama hujazoea gia za mkono, agiza otomatiki mapema, maana Ulaya gari za kukodi za gia za mkono bado ni nyingi. Chagua gari dogo. Maegesho ya miji hii ni finyu na milango ya kuta zake ilijengwa kwa ajili ya mikokoteni ya farasi. Dhamana hushikiliwa kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe. Kadi ya kutolea pesa benki mara nyingi hukataliwa. Kabla ya kuondoka piga picha kila upande, rimu na kioo cha mbele, kisha fungua buti uone kama kuna pembetatu ya tahadhari, kizibao cha kung'aa na sanduku la huduma ya kwanza. Mtoto wa chini ya miaka 12 ambaye hajafika sentimita 150 lazima akae kwenye kiti chake, nacho huagizwa mapema.

Barabarani

Aliyezoea kuendesha Kenya, Tanzania au Uganda atahamia upande wa kulia. Dakika za kwanza si hatari sana kwa sababu akili iko macho. Hatari huja unapotoka kwenye maegesho au sheli asubuhi, barabara ikiwa tupu na hakuna gari la kufuata. Hapo ndipo mkono hurudi kushoto wenyewe. Kwenye kipilefti unazunguka kinyume cha saa.

Kanuni inayowaponza wageni zaidi ni hii: kwenye makutano yasiyo na alama wala taa, anayetokea kulia kwako ndiye anayepita kwanza, hata kama anatoka kichochoroni na wewe uko kwenye barabara inayoonekana kubwa. Ukiona kibao cha almasi ya njano yenye ukingo mweupe, wewe ndiye mwenye haki. Almasi hiyo ikikatwa na mstari mweusi, haki imeisha.

Kibao cha njano chenye jina la mji maana yake ni kilomita 50 kwa saa kuanzia hapo, hata kama hakuna namba iliyoandikwa. Jina likiwa limekatwa kwa mstari mwekundu, umetoka mjini na kikomo ni 100, isipokuwa kibao kiseme vingine. Tochi, yaani kamera za kupima mwendo, zimefichwa vizuri, na faini hukufuata kupitia kampuni ya gari, ambayo huongeza ada yake juu. Mpite mwendesha baiskeli kwa nafasi ya mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji.

Maegesho mengi ya bure hudai saa ya kadibodi ya buluu, Parkscheibe. Mshale wake husogezwa kwenye nusu saa inayofuata baada ya kufika: ukifika saa 10:10, weka 10:30, uiache mbele ya kioo. Wengi hulipa faini kwa kuisahau kwenye droo ya gari.

Kuifuata njia yenyewe

Ramani ya simu itakuharibia safari usipoirekebisha. Autobahn ya A7 inakwenda sambamba na njia hii kutoka Würzburg hadi Füssen, na simu hupenda kukutupa humo. Zima barabara za kasi kwenye mipangilio, kisha ingiza miji mmoja mmoja: Tauberbischofsheim, Bad Mergentheim, Weikersheim, Creglingen, Rothenburg. Vibao vya kahawia vyenye jina la njia vitakuthibitishia. Andika jina kamili, "Rothenburg ob der Tauber", kwa sababu kuna Rotenburg na Rottenburg nyingine mbali kabisa na hapo.

Würzburg, ona kwanza Residenz, jumba la maaskofu lililobuniwa na Balthasar Neumann. Dari la ngazi yake kuu lilichorwa na Mwitaliano Tiepolo mwaka 1752 na 1753. Mji huu uliteketezwa kwa mabomu tarehe 16 Machi 1945, lakini kuba la ngazi hiyo lilihimili na mchoro ukapona.

Kutoka hapo bonde la mto Tauber ndilo kipande kizuri zaidi cha kuendesha, na ni sehemu ambayo wenye haraka huiruka. Simama Creglingen, kwenye kanisa dogo la Herrgottskirche, uone madhabahu ya mbao ya mchongaji Tilman Riemenschneider. Ukifika Rothenburg acha gari kwenye maegesho ya P1 hadi P5 nje ya ukuta. Hoteli yako itakueleza kama unaruhusiwa kuingia kushusha mizigo. Panda ukuta alfajiri, ni bure, na usome mawe yenye majina ya waliochangia kuujenga upya baada ya mabomu ya 31 Machi 1945. Ndani ya kanisa la St. Jakob, wageni wengi huzunguka chini na kuondoka. Kazi kuu iko juu, upande wa magharibi, kwa ngazi: madhabahu nyingine ya Riemenschneider yenye Karamu ya Mwisho, ambapo Yuda ndiye amesimama katikati na mfuko wa fedha mkononi. Nyuma ya sanamu kuna vidirisha vya vioo, kwa hiyo nenda jua likiwa linapenya.

Nördlingen imekaa ndani ya kreta iliyochimbwa na kimondo karibu miaka milioni 15 iliyopita, yenye upana wa kilomita 24 hivi. Mnara wa kanisa la St. Georg, mita 90, umejengwa kwa jiwe lililotokana na mgongano huo. Panda juu na ukingo wa kreta utauona kwa macho yako, vilima vimekuzunguka pande zote. Ukuta wa mji unaweza kuuzunguka mzima, kilomita 2.7.

Augsburg ina trafiki nzito na tramu zinazopewa kipaumbele, basi lipia maegesho na utembee. Fuggerei, nyumba za wahitaji zilizoanzishwa na Jakob Fugger mwaka 1521, bado zinakaliwa kwa kodi ya euro 0.88 kwa mwaka. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana sababu ya kukaa hapa zaidi. Wafanyabiashara wa Augsburg, wakiwemo Fugger na Welser, walitia mtaji kwenye meli tatu za msafara wa Wareno wa Francisco de Almeida, ule uliovamia na kupora Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Balthasar Springer, wakala wa Welser, alikuwa ndani yake, na Hans Burgkmair wa Augsburg akachonga picha kutokana na habari zake. Utajiri wa mji huu uangalie ukilijua hilo.

Kusini zaidi pitia Wieskirche, kanisa la Dominikus Zimmermann lililojengwa kati ya 1745 na 1754. Nje ni la kawaida. Mapambo yote yako ndani. Epuka saa za ibada.

Neuschwanstein, kasri la mlimani karibu na Füssen, ndiko mipango mingi huvunjika. Tiketi ina dakika maalumu ya kuingia, na ukichelewa imepotea. Inunue mtandaoni wiki kadhaa kabla, uchague zamu ya mapema, na uwe umeegesha Hohenschwangau, kijiji kilicho chini ya kasri, angalau saa moja na nusu kabla: kupanda kwa miguu kunachukua dakika 30 hadi 40 za mlima, na basi la abiria la kwenda juu halipandi kukiwa na barafu. Matembezi ya ndani hayazidi nusu saa hivi na kupiga picha hakuruhusiwi.

Jumapili maduka hufungwa, hivyo nunua maji na chakula Jumamosi. Sheli zinabaki wazi. Mikahawa ya miji midogo huwa na siku yake ya mapumziko kila wiki, na jiko hufungwa mapema, mara nyingi kabla ya saa tatu usiku. Beba euro taslimu. Siku ya kurudisha gari, weka mafuta kwenye sheli ya kijijini, maana za Autobahn ni ghali zaidi, na utunze risiti hadi dhamana yako irudi.