Somo: Namna chama cha msingi kinavyoweza kulinda taarifa za wakulima wake

Somo hili ni la makarani, mameneja na wajumbe wa bodi za AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima) za Mtwara na Lindi, na ni vizuri likafanyiwa kazi kabla msimu wa minada ya korosho haujafunguliwa. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima huweka mazao ghalani na kupewa stakabadhi hadi yauzwe mnadani, ulioanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, malipo ya mkulima hupitia akaunti yake ya benki. Kwa hiyo anayeweza kubadili namba ya akaunti katika orodha ya malipo anaweza kupeleka jasho la mwaka mzima kwa mtu asiyestahili, bila kugusa hata gunia moja ghalani.

Hatua ya kwanza: Orodhesheni mahali taarifa zilipo. Msiishie kwenye kompyuta ya ofisi. Angalieni simu ya karani, flashi zilizo kwenye droo, makundi ya WhatsApp ambako orodha za wakulima hutumwa kwa haraka ya mnada, na duka la stesheneri mnakochapisha, kwa sababu faili lililofunguliwa huko mara nyingi hubaki kwenye kompyuta ya mwenye duka.

Hatua ya pili: Akaunti zote ziwe mali ya chama. Barua pepe iliyofunguliwa kwa jina na namba ya simu ya mtu binafsi huondoka naye siku anapoondoka. Tumieni laini iliyosajiliwa kwa jina la chama kupokea namba za uthibitisho, kisha washeni uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nenosiri pamoja na namba ya uthibitisho.

Hatua ya tatu: Tenganisheni majukumu. Kwa maoni yangu hatua hii ina uzito kuliko programu yoyote ya kuzuia virusi. Anayeingiza taarifa asiwe ndiye anayeidhinisha, na kila mmoja awe na nenosiri lake ambalo hata mwenyekiti halijui. Mkulima anayetaka kubadilisha namba ya akaunti afike mwenyewe na kitambulisho, ajaze fomu na kuisaini, kisha mtumishi wa pili ampigie kwa namba ya simu iliyokuwa kwenye daftari tangu awali, si ile iliyoandikwa kwenye fomu mpya. Ombi lililokuja kwa ujumbe wa simu lisikubaliwe, hata kama linaonekana limetoka kwa kiongozi.

Hatua ya nne: Wekeni nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya ofisi. Diski ya nje ichomolewe mara kunakili kunapokwisha, kwa kuwa virusi vinavyofunga mafaili ili mwenyewe atoe fedha hufunga pia diski iliyochomekwa. Jaribuni pia kurejesha faili kutoka kwenye nakala hizo kabla hamjalihitaji.

Hatua ya tano: Sasisheni programu. Virusi vya WannaCry vilivyoenea Mei 2017 vilipita kwenye udhaifu ambao Microsoft ilikwisha kutoa kinga yake miezi miwili kabla.

MASWALI YA WANACHAMA

Nachingwea: Shikamoo mwalimu. Je, tukihifadhi kila kitu mtandaoni haitoshi?

Jibu: Marahaba. Haitoshi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilivurugika nchini kote. Hifadhi ya mtandaoni iwe mojawapo ya nakala tatu, na nakala nyingine iwe karibu yenu.

Newala: Karani wetu anaacha kazi mwisho wa mwezi, na anaondoka kwa wema. Tuanzie wapi?

Jibu: Wema wake hauondoi utaratibu. Siku anayoondoka badilisheni manenosiri aliyoyajua, mwondoeni kwenye makundi na akaunti, na akabidhi vifaa kwa maandishi mbele ya mjumbe wa bodi. Utaratibu huu humlinda hata yeye, maana jambo likiharibika baadaye hatashukiwa.

Kilwa: Chama chetu ni kidogo sana. Je, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatuhusu?

Jibu: Inawahusu. Sheria hiyo ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi asajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taarifa zinatakiwa kutumika kwa lengo lililokusudiwa wakati wa kuzikusanya. Kwa hiyo muuza pembejeo akiomba namba za simu za wakulima ili awatangazie salfa (dawa ya mikorosho), msimpe orodha kabla wakulima wenyewe hawajaulizwa na kuridhia.