Minecraft: namna ya kubeba mizigo mingi bila kurudi nyumbani kila mara

Mfuko wa mchezaji una nafasi 36: 9 za mstari wa chini na 27 za ndani. Fungu kamili ni vitu 64, ila lulu za Ender, mayai na ndoo tupu huishia 16, na kila sururu, upanga au dawa hula nafasi nzima peke yake. Kwa hiyo kinachojaza mfuko ni takataka na vyombo, madini huja mwisho.

1. Punguza kabla ya kushuka mgodini. Chukua sururu mbili, upanga, chakula 32, mienge 64, magogo kidogo, ndoo ya maji na meza ya kazi. Nguo za vita zivae, maana zina nafasi zake. Ukiwa chini, bakiza fungu moja tu la mawe ya kawaida. Granite, diorite na tuff tupa palepale.

2. Kandamiza. Weka vipande 9 vya chuma kwenye meza ya kazi, upate bloku 1. Ukiihitaji, bloku inarudi vipande 9. Mafungu tisa yanakuwa moja. Dhahabu, almasi, makaa, redstone na lapis ni vilevile, hata chuma kibichi ambacho hakijapita kwenye tanuru. Usifanye hivyo kwa kwatsi: bloku yake hairudi nyuma.

3. Tengeneza kifuko. Uzi 1 juu, ngozi 1 chini. Kinapokea vitu 64 vilivyochanganyika: mbegu, maua, mabaki ya hapa na pale. Usitie sururu humo, moja tu inakijaza.

4. Tafuta chombo. Mashua yenye sanduku ina nafasi 27. Punda aliyefugwa akibebeshwa sanduku ana 15. Huyo ndiye chukudu yako ya nchi kavu. Sanduku la punda halitoki tena mpaka afe, basi usimpitishe karibu na lava.

5. Sanduku la Ender. Hapa ndipo mchezo unabadilika, na wengi wanachelewa kufika. Unahitaji obsidiani 8 na jicho la Ender 1 (lulu ya Ender pamoja na unga wa Blaze). Obsidiani unaipata kwa kumwaga maji juu ya lava iliyotulia, kisha unaichimba kwa sururu ya almasi au netherite. Nyingine yoyote inaivunja bila kukupa kitu. Tengeneza mawili: moja likae nyumbani, lingine utembee nalo. Yote mawili yanafungua nafasi zilezile 27, popote ulipo. Ukifa, vitu vya mfukoni vinaanguka chini na kupotea baada ya dakika 5, lakini vya humo vinabaki salama. Sururu ya kulibomolea iwe na Silk Touch (uchawi unaofanya kitu kitoke kizima), la sivyo unaokota obsidiani 8 na jicho limepotea.

6. Maboksi ya Shulker. Ua joka la End (ulimwengu wa pekee ndani ya mchezo), pita kwenye lango dogo linalotokea baadaye kwa kurusha lulu ya Ender, tafuta mji wa End. Shulker, kiumbe wa mji huo anayejificha ndani ya gamba, akiuawa anaacha gamba kwa uwezekano wa 50%. Upanga wenye Looting III (uchawi wa kuongeza nyara) unaupandisha hadi 68.75%. Risasi zake zinakupaisha hewani, na wengi huumia pale nguvu hiyo inapokwisha ghafla. Pigana chini ya dari. Magamba 2 na sanduku 1 la mbao katikati yake vinatoa boksi moja la nafasi 27, na ukilivunja vitu vinabaki ndani. Boksi haliingii ndani ya boksi jingine, lakini linaingia kwenye sanduku la Ender: maboksi 27 humo ni nafasi 729. Yape rangi tofauti, chuma jeupe, chakula kijani, ili usifungue yote ukitafuta mkate.

Kwa wanaocheza peke yao toleo la Java kwenye ordinateri hapa Goma: kuran ikianza kuyumba, bonyeza Esc mara moja, maana mchezo unajihifadhi unaposimama. Fanya hivyo pia kila unapomaliza kupanga maboksi.