Jinsi ya kubadili saa yako kuwa ghati, muhurta na tithi

Wengi wakisikia vipimo vya wakati vya Wahindu wa kale hukimbilia yuga, zile enzi ndefu mno, na sifuri zake. Mimi ninayesoma panchanga, kalenda yao ya kila siku, huanza na macheo, kwa sababu hapo ndipo siku yao inapoanza.

Hatua ya 1: Pata saa ya macheo. Iwe ya mji husika. Tuchukue Ujjain, ambako wanafalaki wa India waliweka longitudo yao ya sifuri, na tuseme jua limechomoza saa 12:24 asubuhi. Ukiazima macheo ya Mumbai, iliyo magharibi zaidi, hesabu yote itayumba.

Hatua ya 2: Toa. Unataka kujua saa 4:10 asubuhi ni ghati ngapi. Anayehesabu saa kwa Kiswahili hapa ana nafuu: saa 12 ifanye sifuri, basi. 4:10 kutoa 0:24 ni saa 3 na dakika 46, yaani dakika 226.

Hatua ya 3: Gawa kwa 24. Mchana na usiku kwa pamoja vina ghati 60, kila moja dakika 24. 226 kwa 24 ni 9, baki dakika 10. Baki hiyo ni sekunde 600. Gawa tena kwa 24, upate pala 25, kila moja sekunde 24. Jibu: ghati 9, pala 25. Ndani ya pala mna prana 6 za sekunde 4 kila moja, kadiri ya pumzi moja ya mtu aliyetulia.

Zamani ghati ilipimwa kwa bakuli la shaba lenye tundu dogo chini, lililoelea juu ya maji. Likijaa na kuzama, ghati imekwisha. Msimamizi hugonga kengele na kuliweka upya. Usiku kucha! Kugawa kwa 24 ni kazi nyepesi.

Hatua ya 4: Muhurta. Ni ghati 2, dakika 48. Dakika zetu 226 zinaangukia muhurta ya 5. Lakini angalia: panchanga nyingi hugawa mchana halisi kwa 15, hivyo muhurta za mchana hurefuka mchana unaporefuka. Kwa ile Brahma muhurta ya alfajiri, rudi nyuma dakika 96 kutoka macheo: inaanza saa 10:48 na kuisha saa 11:36.

Hatua ya 5: Tithi. Ni siku inayopimwa kwa mwendo wa mwezi angani, hivyo hapa saa ya ukutani haisaidii. Chukua longitudo ya mwezi, yaani mahali ulipo angani kwa nyuzi, toa ya jua, gawa kwa 12. Mwezi ukiwa nyuzi 100 na jua 53, tofauti ni 47. Tithi 3 zimepita, uko kwenye ya 4, Chaturthi. Kwa kuwa mwendo wa mwezi si sawa wakati wote, tithi huchukua kati ya saa 19 na 26 hivi. Siku hupewa tithi iliyokuwepo macheo, ndiyo maana kalenda mara nyingine huruka namba au kuirudia.

Hatua ya 6: Yuga, ukipenda. Ziko nne. Kali, tuliyomo sasa, ni miaka 432,000. Dvapara ni mara 2 yake, Treta mara 3, Krita mara 4, jumla 4,320,000. Kali ilianza 18 Februari 3102 KK kwa kalenda ya Julius. Kujua miaka iliyopita tangu hapo, ongeza 3101 kwenye mwaka wetu: 2025 inatoa 5126. Kabla ya mwaka mpya wa Kihindu, unaoangukia Machi au Aprili, punguza 1.