Hujaoa, Hujaolewa: Namna ya Kwenda na Maswali ya Ukoo Unguja na Pemba

Maswali hupamba moto misimu miwili: Shaabani, watu wanapowahi kuoana kabla ya Ramadhani, na Mfungo Mosi (Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani), harusi zinaporudi. Jiandae kabla ya misimu hiyo, maana ukifika ukumbini bila jibu utasema usilolitaka.

Uwe na jibu moja, fupi, la siku zote. Bibi akikuuliza, "Lini tutakula pilau lako, mwanangu?" mwambie, "Inshaallah, bibi, niombee dua," na palepale umuulize hali ya magoti yake. Dua haibishiwi, na mkubwa anayeulizwa habari zake husahau zako. Kinachoharibu ni kutoa sababu, kwani kila sababu ina dawa yake. Ukisema unasoma, utatajiwa aliyesoma akiwa na mume na watoto watatu. Ukisema hujapata mtu, basi umefungua mnada: kabla ya Ijumaa utatafutiwa wawili, na mmoja wao ana wake tayari. Na usimjibu mkubwa kwa kumvalia kanga ya kijembe. Jina la kanga husomwa, na atakayeulizwa maana yake ni mama yako.

Wapo watakaokujia na dini. Jua basi kwamba kwa madhehebu ya Shafi ndoa husuniwa kwa mwenye haja nayo na uwezo wake. Asiyeweza ameelekezwa kwenye hadithi afunge. Na Imam Nawawi, ambaye Hadithi Arubaini zake watoto wanazihifadhi chuoni, alifariki mwaka 1277 hajaoa. Hayo ni ya kukutuliza moyo wewe. Ukienda kumshindia nayo sheikh barazani, utatoka na sifa ya ujeuri na swali litabaki palepale.

Kwa mwanamke, penye kazi hasa ni posa. Ipitie mlango mmoja. Chagua mtu mwenye busara aliye karibu na walii wako, yaani mwenye haki ya kukuozesha (baba, kama hayupo, babu mzaa baba, kisha kaka), kwa mfano shangazi, na mkubaliane mapema: hapana mtu mwingine wa kuzungumza na mshenga. Mshenga akija apokewe vizuri, anywe kahawa, aambiwe, "Tumesikia, tutakurudishieni jibu," na siku itajwe. Wiki mbili zinatosha kuulizia kama mtu ana mke, anafanya kazi gani, na alimwacha vipi wa kwanza.

Hutaki? Sema, tena kwa ulimi. Mwari akiulizwa akanyamaza, kunyamaza kwake huhesabiwa ridhaa. Aliyewahi kuolewa ndiye ambaye lazima atamke. Wengi wameozwa kwa ukimya wa haya. Kataa mbele ya shangazi na umwambie walii mwenyewe, kabla ya siku iliyotajwa. Jibu lirudi kwa mshenga yuleyule, nalo liwe "hapana nasibu," basi. Kasoro ya mtu isitajwe: visiwa hivi ni vidogo, na uliyemkataa leo mwakani ni shemeji wa dada yako. Kama kishika uchumba kimeshapokewa, kirudishwe chote kabla habari haijafika mtaani.

Mjane yumo edani, yaani kwenye muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena, miezi 4 na siku 10, aliyeachwa tohara tatu (vipindi vitatu vya kutokuwa na hedhi), na mwenye mimba mpaka ajifungue. Muda huo haposwi waziwazi. "Nipo edani" ni jibu kamili.

Mwanamme naye hubanwa kwenye nyumba, maana wenye nyumba wengi hawapendi kumpa chumba kapera. Usiende peke yako. Nenda na mjomba au kaka mkubwa, aseme yeye wewe ni nani na ni wa wapi. Ukishahamia, kajijulishe mwenyewe kwa sheha, mkuu wa serikali wa mtaa, usingoje kuitwa. Mwanamke anayepanga atapata nafuu kwenye nyumba ambayo mwenyewe anaishi humohumo na watoto wake. Na Ramadhani jirani akikuletea futari, sahani isirudi tupu, hata kama ni kaimati nne. Hapo ndipo mtaa unapoamua wewe ni mtu wa namna gani.

Pesa: huna watoto, kwa hivyo ukoo unaona mfuko wako hauna chini. Sare za harusi, mchango, ubani wa msibani. Panga kiwango cha msimu mzima na umwambie mwenye kukusanya mapema. Ukikataa sare ya tatu baada ya kuzinunua mbili, itaonekana choyo au kijicho.

La mwisho ni wazazi. "Wewe huna mume, utakaa na mama" husemwa mara moja tu, kisha huwa sharia. Kaeni ndugu wote mama akiwa mzima, mgawane nani anatoa dawa, nani chakula, nani analala naye usiku, na muandike. Mirathi haiangalii nani kaolewa: binti pekee asiye na kaka hupata nusu, wawili na zaidi theluthi mbili, na wakiwepo watoto wa kiume kila mmoja wao hupata mara mbili ya binti. Nyumba uliyomuuguzia mama haiwi yako kwa kumuuguza, kwa hivyo kama anataka kukupa chumba, akupe akiwa hai, mbele ya mashahidi na kwa maandishi, na ukipokee mkononi mwako yeye angali mzima.