Somo: Laptopu ya kampasi, ununue sai ama ungoje kidogo?

Kila mwaka majina ya kuingia chuo yakitoka simu yangu haipoi, wazazi na vijana wote wanauliza kitu kimoja, fundi ninunue sasa ama ningoje bei ishuke. Mimi hutengeneza laptopu hapa tao Nairobi karibu na Luthuli na nimeona pesa za watu zikipotea pande zote mbili, kuna aliyekimbilia ofa akaenda na mzigo, na kuna aliyengoja mpaka semista ikaisha akiwa bado anaazima ya rumeti. Inaniuma juu pesa yenyewe mara nyingi ni ya mama ameuza mbuzi ama ya chama. Wacha niandike vile mimi huamua nikiwa na mtu mezani.

Hatua ya 1: Jua kozi kwanza

Kama hujajua umeitwa kozi gani, ngoja. Hapo sina maneno mengi. Wa ualimu, sheria ama biashara ataandika, atasoma PDF na kuingia darasa la Zoom, huyo RAM, ile kumbukumbu mashine hufanyia kazi, ya GB 8 inamtosha kabisa. Wa usanifu majengo atakutana na Revit, programu ya kuchora majengo, na Revit ni ya Windows peke yake, ukimnunulia Mac umemuongezea kazi, halafu hata RAM ya 16 itaila yote. Tafuta mtu wa mwaka wa pili kwa kozi hiyo hiyo umuulize wanatumia programu gani, si mwenye duka.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kungoja

Watu hudhani kungoja ni bure. Chukua saiba ya bob moja kwa dakika. Ukikaa masaa manne, siku tatu kwa wiki, hiyo ni 720 kwa wiki, na semista ya wiki 14 inakuja 10,080, hapo hujaprinti hata karatasi moja. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya laptopu nzuri ya ex-UK, zile zimetumika Uingereza. Kwa hivyo kama masomo yameanza na kazi za kuandika zimeanza kutolewa, kungoja kunakula pesa yako kila wiki. Kama chuo kina chumba cha kompyuta kisichojaa na mwaka wa kwanza ni nadharia tupu, basi ngoja bila wasiwasi.

Hatua ya 3: Unangoja nini hasa?

Kama jibu ni "bei itashuka", mimi nakuambia usiiwekee matumaini sana. Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda vibaya dunia nzima, juu viwanda vinapeleka chipu kwa kampuni kubwa za akili bandia kwanza, na Desemba hiyo Micron ikatangaza inaacha kuuzia watu wa kawaida RAM na SSD (diski za kuhifadhi kazi) zake za Crucial. Wakubwa wa kutengeneza RAM duniani ni watatu, Samsung, SK Hynix na hao Micron, mmoja akijitoa kwa soko la mtu wa kawaida sisi wa chini tunasikia. Ndiyo maana sai nashauri ununue yenye RAM ya kutosha tayari, usiseme utaongeza baadaye.

Lakini kama unangoja mkopo wa HELB uingie, ama umebakisha elfu tano ufikie mashine ya maana, hiyo ni sababu halali, ngoja.

Hatua ya 4: Kizazi cha 8, usishuke hapo

Hapa ndipo watu wanaumia, someni polepole. Microsoft waliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haikuzima, bado inawaka, ila masasisho ya usalama ya kawaida yaliisha. Windows 11 nayo kwa upande wa chipu za Intel, ule ubongo wa mashine, inataka kizazi cha 8 kwenda juu, na chipu ya usalama TPM 2.0. Kwa hivyo kuna laptopu nyingi za maofisi ya ng'ambo zimetolewa zikaja huku, kwa macho ni safi, lakini ni kizazi cha 6 na cha 7.

Kukijua ni rahisi. Fungua Task Manager usome jina la chipu, uangalie namba baada ya kistari. i5-6300U ni cha 6. i5-8350U ni cha 8. i5-10310U ni cha 10. Hiyo i5 ama i7 peke yake haikuambii umri. Kuna kijana wa Githurai aliniletea yake akilalamika inakwama, kibandiko cha i7 kinang'aa kama cha jana, lakini nikaangalia keyboard, herufi A na E zimefutika kabisa na pale kiganja hulala pamelainika mpaka panateleza. Kufungua Task Manager, i7-4600U, chipu ya 2013. Alikuwa ametoa elfu 26. Nilikaa na huyo kijana karibu saa nzima, sikuwa na cha kumfanyia isipokuwa kuisafisha na kumwekea SSD.

Zile mimi huambia watu watafute ni ThinkPad T480, EliteBook 840 G5 na Latitude 7490. Bado usome ile namba, maana T480 na 840 G5 zingine zilitoka na chipu ya kizazi cha 7.

Hatua ya 5: Dukani, kabla hujalipa

Fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport, itakutengenezea faili ya hali ya betri, ifungue. Linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Juzi nilipima moja, ilizaliwa na 50,000 hivi, sai ikijaa inafika 21,000, hiyo darasa la masaa mawili haimalizi. Izime uiwashe ukiingia BIOS, ile mipangilio ya ndani kabla Windows haijawaka, ikiomba password na muuzaji hana, iache hapo hapo. Ikisema ni mali ya kampuni fulani, iache pia, siku utakayoiseti upya itafungika. Bonyeza kila kitufe, zingine zimetoka Ujerumani Y na Z zimebadilishana. Na risiti iandikwe serial namba.

MASWALI

Mzazi, Kayole: Fundi, nina elfu 15 tu na msichana anaripoti wiki ijayo, anasomea ualimu. Nimeonyeshwa Chromebook.

Mama, Chromebook ni laptopu za mfumo wa Google, na kila moja ina tarehe yake ya mwisho ya kupata masasisho, ingia settings sehemu ya About ChromeOS uisome kabla ya kutoa pesa, nyingi za bei hiyo zimepita ama zimekaribia. Mimi kwa hiyo pesa ningechukua kizazi cha 6 yenye SSD na RAM ya 8 niiwekee Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows kwa hivyo ile shida ya kizazi haiigusi, na LibreOffice ya kuandikia. Ya kuandika na kusoma itamfaa, na kuiweka silipishi mwanafunzi, mlete tu.

Mwanafunzi, Juja: Nina ya kizazi cha 7 na Windows 10, niiuze haraka?

Usikimbie. Windows 10 ya nyumbani unaweza kuiandikisha upate masasisho ya usalama mpaka 13 Oktoba 2026, iko hapo kwa Windows Update, na ukiingia na akaunti ya Microsoft ukakubali kuhifadhi mipangilio hulipi. Huo muda weka akiba.

Mzazi, Umoja: Na hizi za lipa mdogo mdogo?

Mzee, jumlisha kwanza. Mfano wakikuambia utangulize 9,000 halafu 110 kila siku kwa mwaka mmoja, hiyo 110 mara 365 ni 40,150, ukiongeza 9,000 umelipa 49,150. Kama dukani keshi ni 30,000, na mnaweza kuifikisha kwa miezi mitatu, afadhali kijana aende saiba huo muda, hata na hesabu yangu ya saiba ya Hatua ya 2 bado mko mbele.

Mwanafunzi, Ngara: HELB haijaingia na muuzaji anasema nitangulize elfu 3 anishikilie T480. Nimpe?

Mpe kama ameandika serial namba ya hiyo mashine yenyewe kwa risiti, na bei kamili, na tarehe ya mwisho ya kungoja, na kwamba utarudishiwa ukiikuta imebadilishwa. Piga picha ile namba iko chini ya laptopu kabla hujatoka dukani. Akikataa kuandika, dadangu, elfu 3 yako urudi nayo kwa hosteli.