Kabla hujazima sigara ya mwisho

Panga tarehe, na iwe karibu. Ukisema "mwezi ujao", mwezi ujao utasema hivyo hivyo.

Viberiti, kisahani cha majivu, ile pakiti ya akiba kwenye mfuko wa koti: tupa vyote. Usimpe mtu akutunzie.

Muone daktari au mfamasia mapema, usingoje hadi ushindwe. Zipo plasta na bigijii za nikotini, na vidonge pia vipo. Utaambiwa hivyo ni vya wanyonge. Wengi wanaosema hivyo hawajawahi kuvuta. Kama unameza dawa nyingine, zitaje. Moshi wa sigara hulifanya ini liondoe baadhi ya dawa haraka zaidi, hivyo ukiacha kuvuta, dozi ile ile inaweza kukuzidi. Kafeini nayo ni vivyo hivyo: punguza kahawa, la sivyo utakesha na kuisingizia arosto, yaani ule usumbufu wa mwili unapodai nikotini.

Arosto yenyewe hupamba moto siku mbili tatu za kwanza, kisha hufifia ndani ya wiki chache. Hamu ikikubana, hesabu dakika, haikai nyingi.

Sasa suala la watu. Hapa nililipa ada. Nilipoacha mara ya kwanza nilitangaza kila mahali, nyumbani, kazini, hadi kwa jirani ambaye salamu zenyewe tunapeana kwa shida. Nikapongezwa mno. Siku ya 11, nikiwa na hasira zangu, nikavuta moja. Ningesema siku ile ile yangeisha. Lakini nilishasikia walivyomsema mwenzetu aliyerudia: "Hana msimamo yule, kuacha ni nia tu." Nikanyamaza. Nikawa navuta nyuma ya jengo, nanawa vidole, natafuna peremende, halafu naingia ndani kuoneshwa kwa wengine kama mfano wa kuigwa. Miezi 8! Na nilivuta kuliko zamani, maana anayejificha huvuta mbili kwa mpigo, hajui nafasi nyingine ataipata lini.

Basi usitangaze ovyo. Chagua wawili unaoweza kuwaambia "jana nimevuta" bila kuhubiriwa. Mmoja awe aliyewahi kuacha. Muulize alijaribu mara ngapi.

Wanaokunyooshea pakiti wakisema "moja haiui", waepuke kwa muda, hasa penye pombe. Uzito unaweza kuongezeka, kikohozi kikazidi kidogo mwanzoni. Ukiona damu kwenye makohozi, au huzuni imegoma kuondoka, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo.